Emma Woodhouse na Robo Saa ya Kumjua Mtu

(Haya niliyasema Jumamosi mbele ya wasomaji wenzangu. Waliokosa wameomba niyaweke hapa, nami nimeyaweka yote, ila zile picha za ukutani nimeziacha. Hata waliokuwepo walilalamika kwamba hazionekani.)

Bwana mwenyekiti, walimu wangu, dada zangu, kaka zangu, na nyie vijana mliojaa kule nyuma: hamjambo?

Nimeitwa kumzungumzia msichana ambaye hajawahi kuishi duniani, na bado watu wanagombana juu yake mwaka wa mia mbili na zaidi. Anaitwa Emma Woodhouse. Aliyemtunga ni Jane Austen, binti wa mchungaji wa Kiingereza, aliyeanza kumwandika Januari 1814 kijijini Chawton na kumaliza mwishoni mwa Machi 1815. Riwaya ikatoka London Desemba mwaka huohuo, juzuu tatu, nakala 2,000, na jina la mwandishi halikuandikwa. Iliandikwa tu kwamba ni kazi ya yule aliyetunga "Pride and Prejudice". Hayo nayapita. Mtayakuta popote.

Mimi nina swali moja. Tunapokutana na Emma mara ya kwanza, tunamwonaje? Na tunamwona sawasawa?

Wengi wenu mmeshanijibu kabla sijapanda hapa. "Anajiona." "Ana nyodo." Kuna mama mmoja wakati wa chai ameniambia binti huyu angekuwa jirani yake wasingesalimiana. Basi nataka niwape habari njema. Mlimwona sawasawa. Tangu ukurasa wa kwanza mlimwona sawasawa. Ila kumwona kwenu sawasawa hakukuwafaa kitu mlipoendelea kusoma, na hapo ndipo nataka tukae leo.

Tumwone anavyoingia.

Anaingia jioni ya siku ya harusi, na harusi yenyewe si yake. Miss Taylor, aliyemlea na kumfundisha nyumbani kwa miaka 16, ameolewa leo na Bwana Weston na kuhamia nyumba ya Randalls, nusu maili tu kutoka Hartfield, nyumbani kwa akina Emma. Wageni wametawanyika. Emma ana karibu miaka 21. Mama yake alifariki zamani, hata sura yake haikumbuki vizuri. Dada yake Isabella ameolewa na kuhamia London. Aliyebaki naye ni baba, Mzee Woodhouse, na baada ya chakula mzee huyo amejilaza kidogo kama kawaida yake. Binti anakaa peke yake, anawaza.

Mzee Woodhouse nawaomba mumtazame vizuri. Ni mtu wa kuogopa upepo, kuogopa maji maji, kuogopa safari, kuogopa ndoa za watu wengine, na kuogopa keki. Chakula anachokiamini ni uji mwepesi, na angependa dunia nzima inywe huo uji. Keki ya harusi ilimkosesha raha. Alimwuliza Perry, tabibu wa kijiji, naye Perry akabanwa mpaka akakubali kwamba ni kweli, keki yaweza isiwafae watu wengi, labda ikiliwa kwa kiasi. Mzee akaichukua fatwa hiyo akawa anawakatazia wageni wote. Kisha ukazuka uvumi wa ajabu: watoto wa Perry, wote, wameonekana kila mmoja na kipande cha keki mkononi. Mzee Woodhouse hakuusadiki uvumi huo hata siku moja.

Mmecheka. Lakini jiulizeni: katika nyumba hiyo, ni nani wa kumwambia Emma hapana? Baba anaogopa keki. Mwalimu alikuwa mpole, na hata huyo leo ameondoka. Binti huyu amekuwa mama mwenye nyumba tangu angali mtoto.

Sasa sikilizeni mwandishi anavyofanya. Sentensi ya kwanza kabisa anampamba: mzuri, mwerevu, tajiri, nyumba ya starehe, moyo mchangamfu, hajaona taabu kubwa. Nusu yetu tunamchukia hapohapo, si ndiyo? Halafu aya tatu mbele anatuambia ugonjwa wake waziwazi, bila kuficha: hatari ya Emma ni kwamba ana uwezo wa kufanya apendavyo kupita kiasi, na ana tabia ya kujifikiria vizuri kidogo kuliko inavyopasa. Imekwisha. Bado hamjafungua ukurasa wa pili, na mmeshapewa kasoro yake mkononi. Mwandishi wa hadithi za kawaida angeificha mpaka sura ya mwisho ili atushtue nayo.

Na jioni hiyohiyo tunaonyeshwa. Anakuja Bwana Knightley, jirani, mtu wa miaka 37 au 38, kaka wa shemeji yake Emma, ndiye peke yake anayethubutu kumkosoa. Emma anajisifu mbele yake: ndoa ya leo mimi ndiye niliyeipanga, miaka minne sasa. Bwana Knightley anamjibu kwamba hakupanga chochote, alibahatisha tu, na bahati haina cha kujivunia. Mnadhani Emma alinyamaza? Papo hapo akatangaza ndoa inayofuata: atamtafutia mke Kasisi Elton. Mshenga ambaye hakuna aliyemtuma.

Tunajua, basi. Tumeambiwa. Tumeonyeshwa. Hilo naomba mlishike.

Kabla sijaendelea, nataka nimtetee kidogo, maana naona nyuso nyingine hapa zimekunjamana. Kujiamini kwa Emma kumetoka wapi?

Kumetoka kwenye pesa. Tusizungushe. Emma ana urithi wa pauni 30,000, fedha nyingi kabisa kwa enzi zile. Mfananisheni na Elizabeth Bennet wa ile "Pride and Prejudice", ambaye baba yake akifa, nyumba na mashamba vinakwenda kwa ndugu wa kiume wa ukoo, na mabinti watano wanabaki wanatazamana. Elizabeth naye anajiamini, nasi tunampenda mara moja, kwa sababu anajiamini akiwa hana kitu. Emma anajiamini akiwa na kila kitu, ndiyo maana anatuchoma. Lakini msikilizeni anapomweleza rafiki yake Harriet kwa nini hana mpango wa kuolewa. Mali sina haja nayo, anasema. Kazi ya kunishughulisha sina haja nayo. Cheo sina haja nacho. Ni wake wangapi, anauliza, wenye mamlaka nyumbani kwa mume nusu ya niliyo nayo mimi hapa Hartfield? Mwanamke asiyeolewa hudharauliwa akiwa maskini. Akiwa na mali yake, ni mtu wa heshima kama mwingine yeyote.

Dada zangu, ana uongo gani hapo? Kwa sheria ya Uingereza wakati ule, mwanamke akiolewa fedha zake zilikuwa za mume. Ilibidi zisubiriwe sheria za 1870 na 1882 ndipo mambo yakabadilika. Binti wa miaka 21 ameyapiga hesabu hayo kichwani mwake akiwa anatembea njiani kwenda kutazama maskini. Mimi siwezi kumwita mpumbavu.

Na kumetoka pia kwenye udogo wa mahali. Highbury ni kijiji kikubwa kinachotaka kuwa mji, maili 16 kutoka London, na Woodhouse ndio familia ya kwanza hapo. Emma huyu anayepanga maisha ya watu hajawahi kuiona bahari. Anakiri mwenyewe, kwa wivu, pale ndugu zake wanapobishana juu ya pwani ipi ina hewa nzuri. Kilima cha Box Hill, mwendo wa maili saba kutoka kwao, hajafika mpaka kitabu kimeshapita nusu. Ana ujasiri wa mtu ambaye hajawahi kukutana na anayemzidi. Kisha anakuja Jane Fairfax, mpwa wa Miss Bates (huyo tutakutana naye mbele): yatima, hana kitu, lakini anapiga kinanda kumshinda, ametulia kumshinda. Emma anamwona baridi, anamwona msiri. Bwana Knightley ana maelezo mafupi zaidi: humpendi kwa sababu yeye ndiye vile unavyotaka wewe uonekane.

Mwandishi alijua tutamkasirikia. Mtoto wa kaka yake, katika kitabu cha kumbukumbu kilichotoka mwishoni mwa 1869, anatuambia kwamba Austen alisema anamchukua shujaa ambaye hakuna atakayempenda sana ila yeye mwenyewe. Riwaya ilipotoka alikusanya maoni ya ndugu na marafiki akayaandika kwenye karatasi, mabaya kwa mazuri. Fanny Knight, mtoto wa kaka yake aliyempenda mno, hakuweza kumvumilia Emma kabisa. Mchungaji mmoja alikasirishwa na jinsi makasisi walivyochorwa. Mwingine alisoma sura ya kwanza na ya mwisho tu, kwa kuwa alisikia kitabu hakivutii. Ila Charles, mdogo wake, ofisa wa jeshi la majini, alikisoma mara tatu katika safari moja.

Na nawapa hii, kwa wanaotaka kujua mwanamke huyu alimtoa wapi mtu wa kujiamini. Mchapishaji John Murray alimwahidi pauni 450 kwa haki za "Emma" pamoja na riwaya zake nyingine mbili. Austen akamwandikia dada yake kwamba Murray ni tapeli, lakini tapeli mwenye adabu. Akakataa. Akachapisha kwa gharama zake mwenyewe. Kwa "Emma", alichopata mpaka anafariki Julai 1817 hakikufika pauni 40, maana hasara ya kitabu kingine ilikatwa humohumo. Wanaosema kujiamini kunalipa wasome barua za Austen.

Turudi kwa mshenga wetu.

Kisa cha Kasisi Elton nitakipitisha upesi, maana mnakijua. Emma amempata Harriet Smith, miaka 17, sura nzuri, mtoto wa nje ya ndoa ambaye baba yake hajulikani. Robert Martin, mkulima kijana, anamposa Harriet kwa barua. Barua ni nzuri, tena nzuri kuliko Emma alivyotegemea, mpaka anashuku imeandikwa na dada mtu. Emma anasema hamshauri Harriet chochote. Hamshauri, hamshauri, hamshauri, na mwisho wa mazungumzo jibu ni hapana, na Emma ndiye anayesaidia kulitunga. Halafu anachora picha ya Harriet na kumwongeza kimo. Bwana Knightley anasema umemrefusha mno, Emma anajua ni kweli lakini hakiri. Kasisi Elton anaisifia picha kama kichaa na kuipeleka mwenyewe London ikatiwe fremu. Kwa macho ya Emma ushahidi umekamilika: kasisi ampenda Harriet. Shemeji yake John anamwonya usoni kwamba mtu huyo anakutaka wewe. Emma anacheka. Usiku wa kuamkia Krismasi, theluji inaanguka, wanajikuta wawili ndani ya gari la farasi, kasisi ameshajimiminia mvinyo wa Bwana Weston, mlango haujafungwa vizuri kashamshika mkono: nakupenda. Harriet? Harriet gani?

Sasa nawauliza nyie mliosoma, na msinidanganye. Mara ya kwanza, wangapi mlijua? Nyanyueni mikono. (Ilinyanyuka michache, na mmoja wake nina shaka nao.) Tuliambiwa ukurasa wa kwanza kwamba msichana huyu anajiona anajua. Tukamcheka. Tukamhukumu. Kisha tukaazima macho yake, tukatazama kasisi, picha na fremu kwa macho hayohayo, na tukaona alichokiona. Kwa sababu Austen hatusimulii akiwa amesimama pembeni. Anasimulia kwa sauti ya msimulizi ambayo ndani yake mawazo ya Emma yamechanganyika, huoni mshono. Kumjua mtu kasoro yake ni jambo moja. Kutazama dunia kupitia dirisha lake bila kupotea ni jambo jingine, na hapo tumefeli wengi.

Lakini mahali ninapopapenda zaidi ya pote ni pale ambapo Emma mwenyewe anakutana na mwanamke anayejiamini.

Kasisi Elton, baada ya kukataliwa, alikwenda Bath na haukupita muda akarudi akiwa ameshamchumbia Augusta Hawkins wa Bristol, mwenye pauni elfu kumi au kiasi ambacho watu wangekiita elfu kumi. Wakaoana. Bibi Elton anakuja Hartfield kumtembelea Emma. Safari hiyo Harriet hayupo, Mzee Woodhouse anazungumza na kasisi, Emma anabaki na mgeni kwa robo saa.

Robo saa. Katika robo saa hiyo Bibi Elton anasema chumba hiki kinafanana na chumba cha Maple Grove, nyumba ya shemeji yake tajiri. Ngazi zinafanana na za Maple Grove. Bustani inafanana na ya Maple Grove. Anaeleza gari la kifahari la shemeji. Anamwahidi Emma kumjulisha kwa watu wa Bath, Emma Woodhouse, ambaye hajaomba kujulishwa kwa mtu! Na mwisho anamtaja Bwana Knightley kwa jina tupu: Knightley. Amemfahamu leo. Nyie mnajua uzito wake. Fikiria bi harusi mgeni mtaani, hajamaliza hata wiki, anamwita mzee wa mtaa "Juma" mbele ya watu.

Emma anawaka. Wakishaondoka tu anafoka moyoni. Na uamuzi wake baada ya ile robo saa ni upi? Kwamba Bibi Elton ni mwanamke wa majivuno, ameridhika mno na nafsi yake, na anajifikiria kuwa mtu mkubwa.

Hamjasikia maneno hayo mahali? Ndiyo yaleyale! Karibu maneno yaleyale ambayo mwandishi alimpa Emma kwenye ukurasa wa kwanza. Nyani haoni kundule, ndugu zangu. Na hukumu ya Emma ni ya kweli kabisa, kila neno ni haki. Bibi Elton kweli hachukuliki. Emma amemwona sawasawa, kama sisi tulivyomwona Emma sawasawa, na hakuna hata mmoja wetu aliyefaidika.

Tazameni wanavyofanana. Emma amemchukua Harriet, maskini asiyejua kusema hapana, anamtafutia mume bila kuulizwa. Bibi Elton amemchukua Jane Fairfax, maskini ambaye anasema hapana kila siku, anamtafutia kazi ya ualimu wa nyumbani bila kuulizwa. Kuna mazungumzo pale ambapo Jane, amechoka, anazilinganisha ofisi za kutafuta walimu hao na biashara ya watumwa: huku wanauzwa watu, kule zinauzwa akili zao. Bibi Elton anaruka haraka kumhakikishia kwamba shemeji yake siku zote alikuwa upande wa kuikomesha biashara hiyo. Nani alimwuliza? Uingereza iliipiga marufuku mwaka 1807, miaka michache tu kabla, na Bristol anakotoka yeye ilikuwa bandari iliyotajirika kwayo. Austen hasemi neno zaidi. Sisi wa pwani hii, ambao tunajua bandari zetu zilitajirika kwa nini, hatuwezi kuipita sentensi hiyo mbio.

Basi kwa nini Emma tunamsamehe na Bibi Elton hatumsamehei? Mama wa wakati wa chai, nakuuliza wewe. Wote wawili wanajiona. Wote wawili wanapanga maisha ya wasichana maskini. Kama ni pesa, Emma ana zaidi. Kwa nini basi?

Twendeni Box Hill.

Ni kiangazi, watu wamekwenda kutembea, mahali ni pazuri na kila mtu amenuna. Frank Churchill, kijana mtanashati mwenye siri zake, anamchezea Emma mapenzi mbele za watu, naye anakubali ingawa hata hajisikii kuyataka. Ili kuchangamsha kundi, Frank anatangaza: Miss Woodhouse anataka kila mmoja aseme jambo moja la akili sana, au mawili ya akili kiasi, au matatu ya kipuuzi kabisa.

Yupo hapo Miss Bates. Miss Bates ni binti wa kasisi wa zamani. Hajaolewa, si kijana tena, si mzuri, hana mali, anaishi na mama yake mzee kwenye vyumba vya kupanga juu ya duka. Anaongea bila nukta wala mkato. Na hana chembe ya ubaya. Anasema kwa furaha: basi mimi sina wasiwasi! Matatu ya kipuuzi ndiyo saizi yangu, nikifungua mdomo tu yanatoka, si ndiyo jamani? Anawatazama watu wote, akiwategemea wamkubalie kwa wema.

Emma hakujizuia. Anamwambia: aa, lakini hapo kuna taabu. Utabanwa na idadi. Matatu tu kwa mara moja.

Miss Bates haelewi mara moja, kwa kuwa limesemwa kwa adabu ya kuigiza. Linapoingia, hakasiriki. Uso tu unabadilika rangi. Anamgeukia Bwana Knightley: naona anachomaanisha, nitajaribu kunyamaza. Lazima nimekuwa kero sana, la sivyo asingemwambia hivyo rafiki wa zamani.

Na mchezo unaendelea. Hakuna anayesema kitu. Mmeona hilo? Bwana Weston anaingiza kitendawili cha kumsifia Emma.

Wakati wa kuondoka, Emma anasubiri gari lake, Bwana Knightley anamfuata. Emma kwanza anajaribu kucheka: nani angejizuia? Tena nadhani hakuelewa. Alielewa, anasema Bwana Knightley, na amelizungumza tangu wakati huo, na natamani ungesikia kwa moyo gani. Kisha anamwambia hoja ambayo mimi huisoma kwa sauti nikiwa peke yangu. Angekuwa tajiri ningekuacha. Angekuwa sawa nawe kwa hali nisingegombana nawe. Ni maskini. Ameshuka kutoka kwenye raha alizozaliwa nazo, na akiishi miaka mingi atashuka zaidi. Amekuona tangu u mtoto, wakati ambapo kusalimiwa naye ilikuwa heshima kwako. Na leo umemcheka mbele ya mpwa wake, na mbele ya watu ambao wengi wao watamtendea kama wewe unavyomtendea.

Gari linaondoka kabla hajapata la kujibu. Machozi yanamtoka njia nzima.

Wahakiki wengi husema hapa Emma amevunjwa, mwanamume amemfunza adabu. Mimi sikubaliani nao hata kidogo. Tazameni anachofanya asubuhi inayofuata. Anaamka mapema na kwenda kwa Miss Bates, peke yake, bila zawadi ya kujifichia na bila barua. Mtu aliyevunjika angekaa nyumbani wiki nzima akisubiri lisahaulike. Anapanda ngazi. Ndani anasikia pilikapilika, mtu anakimbizwa chumba cha pili. Ni Jane, hataki kuonana naye. Miss Bates anampokea, lakini furaha ya siku zote imepungua. Emma anauliza hali ya Jane kwa upole, na Miss Bates anasema: una wema ulioje, lakini wewe siku zote una wema.

Siku zote! Emma anashindwa kulivumilia neno hilo. Angetukanwa angepona haraka zaidi.

Hiyo ndiyo tofauti, mama yangu. Bibi Elton hatumwoni hata mara moja akiwa peke yake na nafsi yake. Huenda analia usiku, nani ajuaye? Hatukupewa macho yake. Tumepewa robo saa zake tu, za sebuleni, mbele za watu. Na sijui kama Austen alitaka nifike huku, lakini kila nikikirudia kitabu hiki namwonea huruma zaidi Bibi Elton, aliyehamia kijiji ambacho mwanamke wa kwanza wa mahali alishamhukumu kabla chai haijapoa.

Na Emma je, anaacha kujiamini? Wapi! Anaolewa kwa masharti yake. Hawezi kumwacha baba, basi Bwana Knightley, mwenye nyumba kubwa ya Donwell na mashamba yake yote, ndiye anayefunga mizigo kuhamia ukweni. Kaka zangu mnaguna, nimewasikia. Na hata hivyo Mzee Woodhouse angekataa mpaka leo kama wezi wasingevunja banda la bata mzinga la Bibi Weston, yule Miss Taylor wetu, usiku mmoja. Kuku wa jirani wakaibwa pia, mzee akaingiwa na hofu, akaona afadhali mwanamume mwenye nguvu alale nyumbani. Ndoa ikapita.

Harusi yenyewe ilikuwa ndogo, haina mbwembwe. Bibi Elton hakuwepo. Alisimuliwa na mumewe, na hapohapo akatoa hukumu: satini nyeupe kidogo mno, shela za lesi chache mno, jambo la kusikitisha, dada yangu akisikia atashangaa.

Nimemaliza. Karibuni maswali, na naomba tuanze na yule mama. Bado usingemsalimia?